Kabati Bila Sare

Jumatatu, 2 Machi

Hali ya hewa: mvua tangu alfajiri. Zamu: hakuna. Naandika hivi kwa mazoea tu. Miaka kumi na tisa pale mapokezi sikuwahi kumaliza siku bila kujaza daftari la zamu: nani kaingia, nani katoka, bomba la chumba gani linavuja. Leo tukio ni moja. Hoteli imefungwa.

Walituita ukumbini asubuhi. Mwanasheria wa mwenye mali, kijana wa viatu vilivyochongoka, akatusomea karatasi zake, kisha akasema kila mali ya hoteli ibaki hotelini, sare zikiwemo. Tukacheka. Yeye hakucheka. Sasa mimi, kama wenzangu wengi, hutoka nyumbani nimeshavaa kabisa: sketi na koti la rangi ya damu ya mzee, blauzi nyeupe, skafu shingoni, beji kifuani. Nguo ya kubadilisha ya nini? Basi wakafungua stoo, wakatugawia fulana za matangazo, zile zenye picha ya bwawa letu la kuogelea, na chini nikajifunga shuka la kitanda cha watu wawili ambalo lilikuwa limeshatolewa kwenye hesabu kwa sababu ya doa. Ndivyo nilivyotoka.

Mlangoni alisimama Mizigo, mbeba mizigo wetu. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupeleka magunia ya sare kwenye gari, kwa hiyo alikuwa bado amevaa yake yote, kofia mpaka glavu nyeupe. Sisi wawili hatuitani majina. Yeye ni Mizigo, mimi ni Mapokezi, tangu mwaka wa kwanza. Akanifungulia mlango kama mgeni, akainama kidogo, akasema, "Karibu tena, mama. Tunatumaini ulilala salama." Nilicheka mpaka kwenye kona. Baada ya kona nikaanza kulia, na kwa ile mvua hakuna aliyejua.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Nimepiga pasi mapazia.

Alhamisi, 5 Machi

Wamepita na gari kukusanya sare zilizobaki majumbani. Nimetoa mbili zangu zikiwa zimenyooshwa na kukunjwa. Aliyezipokea akazisokomeza kwenye gunia kama viazi.

Baada ya hapo nikafungua kabati. Lina milango miwili. Upande wa kulia ulikuwa wa sare, sasa una henga tupu zinazogongana. Upande wa kushoto una gauni jeusi la misiba, gauni la sherehe ambalo zipu yake haijafunga tangu binti yangu amalize shule, magauni matatu ya kulalia, na sweta la mwanamume ambaye hatumtaji humu ndani. Nina miaka hamsini na mbili. Nje ya kazi, hicho ndicho nilichonacho.

Binti yangu amerudi kutoka dukani anakouza simu, akanikuta nimekaa kitandani, kabati wazi. Akakaa pembeni yangu.

"Mama, hii ni nafasi," akasema. "Sasa nunua vitu vyako. Unavyopenda wewe. Kwani unapenda rangi gani?"

Swali la mtoto wa chekechea. Nikafungua mdomo nimjibu. Nikasema damu ya mzee, akasema hiyo ni ya hoteli. Nikasema nyeupe, akasema hiyo ni blauzi ya hoteli. Sijui napenda rangi gani. Naandika hapa kwa sababu nimeona aibu kumwambia mwanangu.

Jumamosi, 7 Machi

Dada yangu mkubwa amekuja kunikagua. Hakuja kunipa pole. Dada hana pole, ana maagizo. Ananizidi miaka sita, ameshazika waume wawili, na akipita barabarani hata pikipiki zinapunguza mwendo. Mkoba na viatu lazima visikilizane. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa mzuri na mimi ndiye niliyekuwa na adabu. Mama ndiye aliyetugawia hivyo, na hatukukata rufaa.

"Umejiachia," akasema kabla hata ya kukaa.

"Sijajiachia. Nilikuwa na kazi."

"Kazi si nguo. Mtu anavaa, mdogo wangu, ili asisahaulike. Hebu simama nikuone."

Nikasimama. Akanizunguka, akanibana huku na huku. "Kiuno kipo," akasema. "Kimefichwa, lakini kipo." Akaniachia gauni lake la zambarau nijaribu kutoka nalo. Nimekwenda nalo hadi duka la mikate na kurudi. Kifuani lilipwaya, nyuma lilibana, na kila baada ya hatua mbili nililivuta chini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku zote nilidhani ni fumbo.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Mizigo kapiga simu.

"Mapokezi, chumba kipo?"

"Tumejaa."

"Hata kwa mteja wa zamani?"

"Mteja wa zamani aliondoka na taulo letu."

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa kwa muda. Anasema ni hii mvua tu. Anakaa kwa mdogo wake, chumba cha nyuma ya gereji, hana la kufanya. Akanialika Jumapili. Chai tu, akasema, na kutazama maji yakipita. Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mtu mzima.

Nilipokata simu ndipo nikajiuliza nitavaa nini. Mtu huyu amenitazama siku sita za wiki kwa miaka yote hiyo, na hajawahi kuona shingo yangu bila skafu.

Jumapili, 15 Machi

Sikuenda. Nilianza kuvaa asubuhi. Gauni jeusi: ningeonekana nimekwenda kumzika. La sherehe: zipu. La Dada: tumeshaongea. Nikakaa mbele ya kioo mpaka saa ya chai ikapita, kisha nikampigia nikasema mvua.

"Mvua hii haina adabu," akasema. "Basi tuseme Jumapili ijayo." Kikohozi bado.

Jumatano, 18 Machi

Binti yangu ameniburuta sokoni, kwenye mitumba. Kwenye simu yake kuna mwanamke anayefundisha watu kuvaa. Anasema kila mtu ana rangi yake, na siku akiipata atang'aa. Nikasema mimi labda yangu iliuzwa. Binti akasema, "Mama, usianze."

Mvua ilikuwa imepumzika na wauzaji walikuwa wanafungua marobota mapya. Nilijaribu nguo juu ya nguo, nyuma ya shuka lililoshikwa na binti yangu kwa meno na mikono miwili. Kahawia, hapana. Bluu, hapana. Halafu ikatoka gauni la njano, kitambaa laini, mikono mipana. Nikalivaa. Nikajitazama kwenye kipande cha kioo walichoegemeza kwenye nguzo, nikageuka, nikajitazama tena.

"Mama, hilo limekukubali," muuzaji akasema. Hata mlingoti wa bendera ungeambiwa hivyo. Lakini nilimwamini. Nikalinunua na kurudi nalo mwilini, nikitembea katikati ya barabara ambapo hapana matope, binti yangu ananipiga picha kutoka nyuma.

Karibu na mlango wetu jirani alikuwa anafagia maji. Akanyanyua kichwa. "Jirani, leo kuna sherehe gani?"

"Hakuna."

"Aa," akasema. Halafu akasema, "Umependeza." Lakini ile "aa" ilikuwa imeshatangulia.

Nimelivua, nimelitundika upande wa kulia wa kabati, peke yake.

Jumapili, 22 Machi

Sikuenda kwa Mizigo. Nimesema mvua.

Jumanne, 24 Machi

Dada anasema tatizo ni kununua mabaki ya watu. Nguo ya fundi, anasema, ndiyo nguo yako. Basi nimenunua kitambaa cha kijani chenye maua makubwa meupe. Nimekichagua mwenyewe, bila binti wala Dada, na muuza vitambaa alishachoka kunisubiri.

Nimekipeleka kwa Fundi, yule mama aliyekuwa akitushonea sare zote za hoteli. Amefurahi kuniona. Hoteli ilipofungwa naye alipoteza, ila yeye ana cherehani yake na watu wengine. Anaongea akiwa na pini mdomoni, na hajawahi kumeza hata moja.

"Nataka kitu tofauti," nikamwambia. "Kitu changu."

"Chako kabisa."

"Hunipimi?"

"Mwili wako naujua kuliko daktari wako. Njoo wiki ijayo."

Nilipenda alivyosema hivyo. Nimetembea kurudi nyumbani bila kufungua mwavuli. Angalau kuna mtu mmoja ananijua bila kunipima.

Jumapili, 29 Machi

Leo mvua ilikuwa kubwa kweli, barabara ya gereji imefungwa na maji. Sikulazimika kusema uongo.

Alhamisi, 2 Aprili

Nataka niandike hili taratibu.

Fundi alikuwa amelitundika gauni nyuma ya mlango, limefunikwa gazeti. Akanipa kwa mikono miwili. Nikaingia nyuma ya pazia, nikavua, nikavaa, na lilinipokea bila shida hata moja. Mabega yakakaa. Kiuno kikakaa. Nikafunga vifungo, nikatoka, nikasimama mbele ya kioo chake kirefu.

Nilikuwa nimevaa sare.

Ya kijani, ya maua, lakini sare. Kola ileile. Mikunjo ileile miwili ya kubana kiuno. Urefu uleule, vidole vitatu chini ya goti. Kifuani kushoto, mfuko mdogo wa kalamu. Na juu ya mfuko, katikati ya ua jeupe, vitundu viwili vidogo vilivyodariziwa kwa uzi wa kijani, kazi safi kabisa.

"Fundi," nikasema, "hivi vitundu ni vya nini?"

"Vya beji."

Nikamtazama kwenye kioo. Naye akanitazama. Ndipo akaelewa alichokisema, akaanza kutoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye mkono wa gauni lake.

"Beji ipi, Fundi?"

"Mwenzangu," akasema, "mkono umejiendea. Nilikufikiria ili nikate. Nikakuona umesimama pale mapokezi. Sijawahi kukuona kwingine."

Akataka kulifumua. Nikamwambia aache, kitambaa hakitatosha. Alikuwa karibu kulia, na mimi nikawa ndiye ninayembembeleza, nikimwambia limetoka vizuri. Na baya zaidi ni kwamba lilikuwa limetoka vizuri. Nilikuwa nimenyooka. Mikono ilikuwa imekutana mbele, chini ya kitovu, kama tulivyofundishwa. Na kwenye kioo nilikuwa natabasamu, lile tabasamu la mwanzo wa zamu, ambalo silivai, linajivaa. Tangu hoteli ifungwe ile ndiyo mara ya kwanza kujiona mzuri.

Nimerudi nyumbani nalo. Nimekaa nalo mpaka giza likaingia, sikuwasha taa. Wiki zote hizi nilidhani sare ilinifunika, na kwamba nikishatafuta vizuri, rangi hii na rangi ile, nitamkuta mtu chini yake akinisubiri, amechoka kidogo, ana hasira kidogo, lakini yupo. Sasa naogopa kwamba chini yake hapana mtu. Nilianza kazi nikiwa na miaka thelathini na tatu. Ni lazima kabla ya hapo nilivaa kitu. Nimejaribu kukumbuka hata gauni moja nililolipenda, nimeshindwa.

Binti yangu aliporudi akasema, "Jamani, mama, umependeza!" Nikamshukuru.

Jumapili, 5 Aprili

Mizigo kapiga mara mbili. Sikupokea. Ningemwambia nini? Mvua ilikatika tangu juzi.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua imerudi. Kapiga mara moja.

Jumatano, 8 Aprili

Hakupiga.

Jumamosi, 11 Aprili

Dada kanikuta kitandani saa sita mchana. Nilijiandaa kwa maagizo. Badala yake alivua viatu, akavipanga mlangoni, akafungua kabati langu na kusimama mbele yake kama mtu anayesoma tangazo. Akatoa lile gauni la njano. Akavua lake akalivaa.

Lilimkaa. Yaani lilikaa kana kwamba lilikuwa limepotea njia na sasa limefika. Mikono ile mipana ilimfuata kila alipogeuka. Mimi nilikuwa nimelala na shuka mpaka kidevuni, namtazama mwanamke wa miaka hamsini na minane anang'aa ndani ya nguo yangu, nikajua kwamba gauni halikuwa na kosa lolote.

"Lichukue," nikasema.

"Lako."

"Lichukue, Dada. Mimi halinijui."

Akakaa kitandani, upande wa miguu yangu. Akalainisha njano ile magotini. Kisha akaongea huku anaangalia mikono yake. "Unajua mimi asubuhi navaa mpaka hereni, mpaka viatu, halafu nakaa kwenye kochi?"

"Unakwenda wapi?"

"Ndiyo nakwambia. Kochi. Jioni navua. Siku nikija kwako au nikienda dukani, hiyo ndiyo safari. Siku nikiacha kuvaa sitaamka, najijua."

Miaka yote hii nilidhani ananiringia. Kila hereni niliihesabu kuwa neno nililotupiwa mimi. Nikatoa mkono chini ya shuka nikamshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu. Tulikaa hivyo. Hatujazoea.

Halafu akajifuta, akarudi kuwa Dada. Zahanati ya pale njia panda, akasema, wanatafuta mtu wa mapokezi. Ameshaongea nao. Ijumaa, niwe nimeoga.

"Sina cha kuvaa," nikasema.

Akalitazama gauni la maua kwenye henga. "Hilo hapo lina kazi," akasema.

Ijumaa, 17 Aprili

Meneja wa zahanati ni mwanamke kijana, umri wa binti yangu na kidogo juu. Alinitazama nilipoingia, kuanzia kola hadi viatu, na uso wake ukakunjuka.

"Afadhali wewe, mama, umevaa kikazi. Wenzako wanakuja kama wanakwenda harusini."

Nikakaa. Akaniuliza kuhusu hoteli, nikamweleza. Wageni wakali, wageni walevi, ile siku umeme ulikatika na lifti ina watu. Alicheka panapochekwa. Kisha akaweka kalamu chini. "Sasa nieleze kidogo kuhusu wewe mwenyewe. Nje ya kazi."

Nikamweleza kuwa huwa nawahi, kwamba sijawahi kukosa zamu.

"Hiyo ni kazi bado, mama. Nje ya hapo? Unapenda nini?"

Nikatabasamu. Simu iliyokuwa mezani ikalia, naye alikuwa anasaka miwani, akanionyesha kwa kidole. Nikaipokea. "Habari za asubuhi, karibu, nikusaidie nini?" Upande wa pili alikuwa mtu mwenye mtoto mgonjwa, amechanganyikiwa. Nikamtuliza, nikachukua maelezo, nikamwambia aje mara moja na njia ya kupita. Nilipoweka simu, meneja alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna aliyenitazama tangu Machi.

Kazi nimepata. Swali lake halikupata jibu, na hakulirudia.

Jumatatu, 20 Aprili

Zamu: asubuhi. Hali ya hewa: mvua nyepesi. Wagonjwa wengi, hakuna tukio.

Tulipewa sare Jumamosi. Bluu ya anga, tatu, kwenye mfuko wa nailoni. Beji inakuja. Nilizijaribu jana jioni mbele ya binti yangu, naye akapiga makofi. "Mama, umerudi," akasema. Alikuwa na machozi. Maskini, alikuwa na hofu muda wote na mimi sikuona.

Nimezitundika upande wa kulia. Henga hazigongani tena. Usiku nililala kama mtoto. Nilifurahi, sitadanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe, nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Na asubuhi nikiwa nafunga vifungo nilijionea huruma, na baada ya huruma hasira, kwa sababu waliponiuliza ninapenda nini sikuwa na neno, na walipoacha kuniuliza nikapata usingizi.

Jumapili, 26 Aprili

Nilisema leo nitakwenda kwa Mizigo. Sina tena kisingizio, nina kazi, nina habari ya kumpa. Nikasimama mbele ya kabati. Upande mmoja bluu tatu. Nani anavaa sare Jumapili? Lile la maua limebaki, lakini yeye angeviona vile vitundu vya beji kabla hata sijakaa. Yeye angeviona.

Sijampigia pia. Nimekaa kimya mpaka kimya chenyewe kimekuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Wiki ijayo.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua. Wagonjwa wengi. Beji imekuja.

Jumapili, 3 Mei

Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 6 Mei

Hali ya hewa: jua. Mvua imekwisha, na mvua ikiisha watu hukumbuka kuumwa. Foleni ilifika nje mpaka kwenye ngazi. Meneja alipita akanigusa bega, akasema, "Wewe ni mashine." Nilimshukuru na kuendelea.

Asubuhi ilipokuwa imechanganya alifika kwenye dirisha langu mzee mmoja. Shati la mistari, pana, kila kifungo kimefungwa kwenye tundu la juu ya lile lake. Ndala. Upara katikati na mvi pembeni, zimesimama kama hazijapata kitana. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili ili apumzike. Nikampa tabasamu.

"Karibu, baba. Nikusaidie nini?"

"Kifua," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ilitoka kwa shida.

"Umewahi kutibiwa hapa?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa ananitazama tu. Wengi hunitazama hivyo, wanasubiri nimalize. Nikavuta kompyuta karibu.

"Jina lako?"

Hakujibu. Nyuma yake mtoto alikuwa analia na mtu mwingine alikuwa anauliza choo. Nikadhani hasikii vizuri. Nikarudia kwa sauti kubwa, polepole, kama ninavyowafanyia wazee.

"Jina lako, baba. Nani?"

"Andika Mizigo," akasema.

Nikanyanyua macho. Kichwa kile sijawahi kukiona maishani mwangu. Hakuna siku hata moja aliyovua kofia mbele yangu. Nilianzia kwenye kichwa nikashuka, paji, nyusi, macho, pengo la jino la juu, na uso ukajikusanya taratibu mpaka akawa yeye. Amekonda sana. Alikuwa amesimama mbele yangu muda wote huo na nilikuwa nimemsemesha kama mtu aliyekosea basi.

"Mizigo," nikasema. "Sikukujua. Bila kofia sijaku... Nilikuwa nije. Wallahi nilikuwa nije, kila Jumapili."

"Najua. Mvua."

"Sikukujua," nikasema tena, kana kwamba hilo lingenisaidia.

"Usijali." Akapumua, akasubiri kifua kimruhusu. "Mimi nimekujua tangu mlangoni."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayemjulisha mwenzake ni saa ngapi. Nikaandika Mizigo. Nikachapa karatasi yake, nikampa, vidole vyetu havikugusana. Akaenda kukaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, mikono magotini. Nilitaka kunyanyuka. Mwanamke mwenye mtoto anayelia alikuwa ameshasogea mezani, amechoka, anatafuta kitu cha kushika, na kabla sijaamua lolote nikausikia mdomo wangu ukitabasamu.

"Karibu, mama," nikasema. "Nikusaidie nini?"